Nacheka na Mtalaka wa Marehemu Mume Wangu, Je, Ninamkosea?

Mshauri mpendwa, nipokee na haya yangu, unisaidie, maana nimefika mahali ambapo furaha imenitia hofu. Sijawahi kusikia mtu akiomba msaada kwa sababu ana furaha, lakini mimi ndiye huyo, nakuandikia cherehani nimeiacha, kwa sababu leo nimeshona pindo la pazia la mteja nje ndani, akili yangu haipo kabisa.

Mimi ni mjane. Nashona mapazia, napima madirisha ya watu, nakata, nashona, naning'iniza mwenyewe. Mume wangu alikuwa fundi wa lifti kwenye majengo marefu, na mtu yule, Mungu amrehemu, alikuwa hapandi lifti hata kidogo, anapanda ngazi kwa miguu hadi juu na kisanduku chake cha vifaa, ukimuuliza anakwambia, "Hizi nazijua mno." Alifariki mwaka jana, asubuhi, akinyoa ndevu. Nilisikia kikombe kimeanguka bafuni, nikaenda, nikamkuta ameegemea ukuta amekwisha kwenda, shavu moja limenyolewa, la pili bado lina povu.

Watu walinifariji, nawashukuru, lakini walikuwa na namna yao. Nikimtaja marehemu wananinyamazisha, "Usijikumbushe, utajiumiza," wakaondoa viatu vyake mlangoni nisivione, wakakunja mashati yake yakaenda nisikokujua, na haukupita muda nyumba ikawa kama haijawahi kukaa mwanamume. Nikaacha kushona. Nikaacha hata kusali, maana nilikuwa nikipiga magoti naona nazungumza na ukuta.

Ndipo akaja Mkunga.

Mkunga ni mke wa kwanza wa mume wangu. Waliachana zamani, kabla mimi sijamfahamu huyo bwana, kila mmoja akashika njia yake. Hawakujaliwa mtoto, hata mimi sikujaliwa. Tunamwita Mkunga kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya mpaka akastaafu, nusu ya vijana wa mtaa huu wameingia duniani kupitia mikono yake na bado anawafokea akiwakuta wamevaa vibaya. Mimi na yeye tulikuwa watu wa salamu ya mbali, hujambo, sijambo, kila mtu na upande wake wa barabara.

Siku hiyo ilikuwa mchana na mimi nimelala, mapazia yote yamefungwa, fundi mzima nimejifungia kwenye giza nililolishona mwenyewe. Akagonga, sikuitika, akaingia, akafungua madirisha yote bila kuomba ruhusa. Kisha akasimama juu yangu akanusa.

"Mwenzangu," akasema, "unanuka. Amka uoge, halafu tukae tulie."

Mshauri, neno hilo ndilo lililoniinua. Wote walionitembelea waliniambia nisilie, na wachache waliniambia lia. Yeye alisema tulie, mimi na yeye.

Nikaoga. Tukakaa jikoni, akabandika chai, na hapo nikamwambia jambo ambalo sikumwambia binadamu yeyote. Asubuhi ile, kabla sijaita jirani hata mmoja, nilichukua wembe nikamalizia lile shavu lililobaki. Mume amelala sakafuni, mimi badala ya kupiga kelele namnyoa, taratibu, nisimkate. Sikujua kama ule ulikuwa upendo au wazimu. Nikamwangalia Mkunga usoni nione kama atashtuka.

Mkunga akakoroga chai yake.

"Ulifanya vyema," akasema. "Mtu hatoki kwake nusu nusu." Akanywa kidogo. "Na lile kovu la kidevuni, ulilipitia kwa chini kwenda juu? Maana ukienda juu kwenda chini linachubuka."

Nikashika mdomo. Dunia nzima, mshauri, ni nani mwingine anayejua kovu lile linanyolewaje? Nikaanza kucheka, naye akaanza, tukacheka mpaka nikateleza kwenye kiti, tukicheka tunalia, tukilia tunacheka, na chai ikapoa.

Tangu hapo anakuja karibu kila siku. Namweleza jinsi marehemu alivyokuwa akisemezana na lifti iliyokwama, "Haya mama, nyanyuka, watu wanataka kwenda makwao," naye ananieleza alivyokuwa akipiga mluzi huku anapiga mswaki, kioo chote kikajaa povu. Kumbe hakuacha, hata kwangu alikuwa hivyo hivyo. Yeye anao ujana wake, mimi ninazo mvi zake, tukikaa pamoja mtu anakamilika. Nimerudi kwenye kazi. Na sala imerudi yenyewe, sikuitafuta, nilikuwa napiga pasi pazia refu nikajisikia nasema asante, asante, mpaka mwisho wa kitambaa. Nilikuwa nimemwomba Mungu anirudishie mume, akanipa mtu wa kumkumbuka naye, na mimi nakwambia kweli, sijui kama nimewahi kuwa na rafiki kabla ya huyu.

Sasa shida. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, alikuja Jumamosi bila kupiga simu, akatukuta chumba cha kushonea. Redio inapiga muziki, Mkunga amejifunga pazia la mteja kiunoni, ananionyesha marehemu alivyokuwa akicheza, kama mtu anayezima moto wa majani kwa viatu, na mimi nimeshika ukuta sina mbavu. Wifi akasimama mlangoni, mkoba ukamponyoka.

"Kumbe mdogo wangu yuko kaburini, ninyi huku mnamfanyia maigizo."

"Wifi, karibu ukae," Mkunga akamwambia.

"Usiniite wifi. Wewe ulitoka katika ukoo huu kwa miguu yako." Akanigeukia mimi. "Na wewe nilikuona mwenye akili. Lila na fila hazitangamani. Mjane anayecheka hivi, pengine hakuwahi kulia."

Akaokota mkoba akaondoka. Maneno hayo yameniingia kama sindano ya cherehani kwenye kidole, haitoki mpaka ulizungushe gurudumu mwenyewe.

Na mimi, mshauri, nilikuwa na mpango wangu. Mkunga anaishi peke yake kwenye chumba cha kupanga ghorofani, na magoti yake ngazi hayaziwezi tena. Mimi nina chumba kitupu. Nataka aje tukae pamoja, tuzeeke pamoja. Nilimpigia wifi nikamwambia, akanijibu, "Huyo akiingia humo na begi lake, mimi na wewe basi." Nimemuuliza kiongozi wetu wa sala, ameniambia nisubiri nione. Nimeuliza majirani. Nimeuliza hata wateja nikiwa juu ya ngazi napima madirisha yao, mmoja anasema heri yako umepata mwenzio, mwingine anasema jihadhari, aliyeachwa haachi. Je, kucheka hivi ni dhambi? Ninamtupa mume wangu? Nimshike nani nimwache nani, damu ya mume wangu au huyu aliyenifungulia madirisha? Nijibu upesi, maana dirisha la chumba chake nimeshalipima na kitambaa nimekwisha kata.

Ni mimi, Fundi Mapazia

MSHAURI ANAJIBU

Fundi Mapazia, weka mkasi chini kwanza.

Nimesoma barua yako nimesimama, na nilipofika kwenye kovu nilitafuta kiti. Pole, dada yangu, na hongera. Nakupa yote mawili pamoja kwa sababu yamekufika pamoja.

Dhambi hakuna. Aliyeumba chozi ndiye aliyeumba kicheko, na vyote akavipitisha koo moja. Wanaotaka umkumbuke mumeo kwa huzuni peke yake wanataka umkumbuke kidogo, maana mtu huyo alipiga mluzi, alijaza kioo povu, alicheza vibaya. Ukimlia bila kumcheka utakuwa unamlilia mtu mwingine. Na habari ya ule wembe usiisimulie tena kwa aibu. Wapo watu wanasali maisha yao yote na sala yao haijafika pale ulipofika wewe ukiwa umepiga magoti bafuni.

Nimemaliza kukubembeleza. Sasa nikugombeze.

Umeniuliza mimi. Umemuuliza wifi, kiongozi wa sala, majirani, na watu wanaotaka mapazia yao yaishe. Nimeisoma barua yako mara ya pili nikitafuta mahali ulipomuuliza Mkunga, sikupaona. Umempimia dirisha mtu ambaye hajui kama anahama. Umeanzisha vita vya ukoo kwa jambo ambalo mwenyewe hajalisikia. Huyu ni mwanamke aliyefunga vitu vyake akatoka kwa mumewe, akajijengea maisha, akazoea ufunguo wake mwenyewe. Usimfanye dawa ya upweke wako. Muulize, na akikataa, urafiki wenu usipungue hata kijiko.

La pili ni wifi yako. Alikosea. Kilio hakipimwi kwa rula, na maneno kwamba hukuwahi kulia hakuwa na haki ya kuyasema. Lakini hebu soma tena uliyoandika. Umeniambia kwa nusu mstari tu kwamba ndiye aliyemlea, ukakimbilia ugomvi. Wazee walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Huyu si wa mbali. Huyu ni mfiwa kama wewe, amezika mtu aliyemlea, na katika barua nzima sioni aliyekwenda kwake kumfungulia dirisha. Nani alimwambia yeye, tukae tulie? Wewe nyumba ilijaa watu wakakuchosha kwa faraja zao. Dada wa marehemu huwa anapikia wageni, anakosha vyombo, anarudi kwake.

Kisha Jumamosi akafika mlangoni akakuta wanawake wawili wamemgawana mdogo wake, mmoja kachukua ujana, mwingine kachukua mvi, na yeye hakubakiziwa kitu. Unadhani alikasirika kwa sababu mnacheka. Mimi nadhani aliumia kwa sababu mnacheka bila yeye.

Kwa hiyo usichague. Mtu akikulazimisha uchague kati ya watu wawili wanaomlilia mtu mmoja, kataa. Nenda kwa wifi yako wewe mwenyewe, kwa miguu, simu iache. Usiende kujieleza, usiende kumtetea Mkunga, wala usimpeleke siku ya kwanza. Nenda na swali moja: mumeo alikuwaje kabla hamjamjua ninyi nyote wawili? Ukishauliza, funga mdomo. Ninajua kwa barua yako kwamba hilo litakuwa gumu kwako. Lifanye hivyo hivyo.

Nenda leo.

Barua hii niliona haiwezi kungoja gazeti, nikampigia Fundi Mapazia simu nikamsomea majibu yangu. Wiki hii amenitumia ujumbe, na kwa ruhusa yake ninauweka hapa.

Mshauri, nilikwenda. Wifi alifungua mlango akabaki ameushika. Yote niliyoyapanga njiani yalinitoka, nikasema tu, "Wifi, nimekuja uniambie alikuwaje alipokuwa mdogo." Nikajua ananifungia. Kisha akasema, "Vua viatu, nimepiga deki."

Nilifunga mdomo kama ulivyoniambia, jasho likanitoka. Alianza na vitu vidogo, homa, shule, suruali za kurithi. Halafu akaniambia kwamba baada ya mama yao kufariki marehemu alikuwa hapati usingizi mpaka ashike sikio lake, sikio la dada, alishike hivi kwa vidole viwili. Alipokuwa akinionyesha mkono wake ulienda wenyewe sikioni, ukabaki pale, naye akalia kwa sauti ambayo sikuisikia hata siku tuliyozika. Nilihama kiti changu nikaenda kukaa karibu naye.

Mkunga nimemuuliza. Alinishangaa. "Nani kakwambia nataka kuhama? Magoti ni yangu na ngazi ni zangu. Mimi nalala kwangu, nacheka kwako." Nilisononeka siku moja, ya pili nikaona ana haki.

Na jana alasiri, mimi na Mkunga tumekaa kwenye kochi tunatoa nyuzi kwenye kitambaa, mlango ukagongwa. Wifi. Akasalimia wote, kwa sauti ndogo lakini wote. Viti vitupu vilikuwepo, nikamwonyesha kimoja. Hakukiangalia. Alikuja mpaka mbele ya kochi akatusimamia pale na mkoba wake mkononi.

"Sogeeni," akasema.

Tukasogea, mmoja huku, mwingine kule, naye akaketi katikati.