Lori la Deo Mlangoni

Ufukoni mwa ziwa, karibu na Kilwa
Tarehe 12 Oktoba

Mama yangu,

Leo imetimia miezi saba na siku nne tangu nilipopanda juu ya mizigo ya lori pale kwetu Katuba, Lubumbashi, ukanishikisha kile kifurushi cha viazi vitamu. Nazihesabu siku mwenyewe kwa sababu hapa hakuna mwingine wa kunihesabia.

Uko mzima? Goti la kushoto linakuacha ulale? Na maji, bado mnachota kwa jirani au bomba limerudi? Mimi mwili ni mzima. Malaria ilinishika mwezi wa nane, ikapita. Nimekonda, lakini ni kwa ajili ya jua na kukimbia mbele ya malori, usidhani ni ugonjwa.

Mwadi, dada yangu, najua ni wewe unayemsomea Mama. Msomee yote. Usiruke mahali pabaya, wala usiongeze maneno matamu ambayo sikuyaandika. Mara iliyopita uliongeza, Mama akanitumia shukrani za kitenge ambacho sikumwahidi.

Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu huku mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, nyuma ya kanisa, na watu wanapanga foleni pale, kila mmoja anasikia habari za mwenzake. Neno nililo nalo siwezi kulipaza mbele ya foleni.

Mama, uliniuliza kazi yangu ni nini hasa, na Kasongo mdogo wangu alicheka aliposikia kwamba naongoza magari kijijini. Kijiji ni kidogo kweli. Kuna kanisa, shule, nyumba za matofali ya udongo, halafu ziwa. Ziwa likifungwa ili samaki wazae, unaweza kutandika mkeka katikati ya barabara ukalala. Likifunguliwa, wachuuzi wanashuka kutoka Lubumbashi, kutoka Kasumbalesa, hata Kolwezi. Barabara ni moja, na kuna mahali pamoja tu pa kusimamisha malori, kipande cha mchanga kati ya ukuta wa kanisa na matete. Ni kirefu na chembamba, na mlango wake ni mmoja. Ukishaingia, mwingine anaingia nyuma yako, na huwezi kutoka mpaka yeye atoke. Mwaka jana walipigana ngumi pale, lori moja likaingia ndani ya ukuta wa kanisa. Ndiyo sababu komite ya bandari ilinitafuta.

Siku ya kwanza nilipokiona kipande hicho nilimkumbuka Baba. Ni sawasawa na ile reli ya nyuma ya karakana ya Kamina, inayoishia ukutani, alikokuwa akipanga mabehewa. Unakumbuka alivyotupangia viberiti juu ya meza? Behewa litakalotoka mapema liingie mwisho. Shule niliiacha darasa la nne, lakini hilo nililijua kabla ya kujua kuandika jina langu. Basi lori likija, napuliza filimbi aliyoniachia Baba, nalisimamisha juu karibu na shule, namuuliza shofa mambo matatu: unapakia nini, unaondoka lini, ufunguo anao nani. Anayepakia samaki wakavu, ambaye atakaa juma zima, namwingiza ndani kabisa. Wa samaki wabichi wenye barafu anangoja juu mpaka wengine watulie, anaingia mwisho. Wananitukana, halafu wanakubali, kwa sababu wameona kwamba wanafika kwao samaki wakiwa bado wanang'aa.

Wananiita Papa Parkingi. Jina la Ngoy analijua mzee Mulenga, mkubwa wa komite, na yeye pia hulisahau. Mama, kazi hii ni ya kusimama mahali pamoja huku wengine wote wanapita. Wenyeji ni watu wema. Wakinisemesha wanatumia Kiswahili, lakini wakitaka kucheka wanarudi kwenye Kibemba chao, nami nabaki natabasamu kama mtu aliyeelewa. Nakula ugali wa bukari na samaki, kesho samaki na bukari. Sombe yako ya majani ya muhogo naiota. Lori la Lubumbashi nalijua kabla sijasoma namba, kwa lile vumbi jekundu lililoganda nyuma ya matairi. Huwa nalipangusa kwa kidole nikidhani hakuna anayeniona.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe.

Wiki tatu zilizopita alifika Deo, yule shofa wa Fuso ya kijani anayekaa mtaa wa nyuma yenu. Kabla hajazima injini alitoa kichwa dirishani.

"Yaya Ngoy, kaka yangu, mama yako anakusalimia sana. Kilio ya papa yako, ile matanga, bataimaliza siku ya posho, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kumi. Bantu ba Kamina basharudisha neno, batakuya."

"Na amesema nini tena?"

"Amesema kitambaa nyeusi haitatoka mu kichwa yake bila mukono ya Ngoy. Njo weye mutoto mukubwa. Hata ikifika Noeli, ataivaa. Na weye unamujua mama yako."

Nilimwambia arudie. Akarudia. Nilimwambia arudie namna ulivyolisema, akaigiza mpaka ile sauti yako ya kuvuta neno la mwisho. Mama, nilikuwa sijasikia sauti ya nyumbani kwa miezi. Nilimshika mkono kupitia dirishani, sikutaka kumwachia. Na kwa sababu alikuwa amenileta kwenu kwa dakika tano, nilitaka nami nimpe kitu. Kitu nilicho nacho hapa ni nafasi. Nikampa nafasi nzuri kuliko zote, ile ya mlangoni, penye kivuli cha ukuta wa kanisa. Sikumuuliza anapakia nini. Sikumuuliza anaondoka lini. Ufunguo sikuutaja.

Nyuma yake, ndani, nilikuwa nimekwisha kuliingiza lori la Mama Kavira. Huyu ni mchuuzi mkubwa wa samaki, mtu wa Butembo aliyehamia Lubumbashi. Anasafirisha samaki wabichi ndani ya mafriji mabovu yaliyojazwa barafu, kumi na mawili, na alikuwa aondoke kesho yake saa nne ya asubuhi.

Asubuhi ilipofika, Fuso ya Deo iko mlangoni na Deo hayupo. Mama Kavira alikuja kwangu amejifunga kitenge kiunoni.

"Papa Parkingi, shofa wa hii Fuso iko wapi?"

"Amevuka."

"Amevuka wapi?"

"Kisiwani. Ana mke mwingine kule."

"Na ufunguo?"

"Amevuka nao."

Alinitazama, akatazama ziwa. "Basi na weye uvuke," akasema. "Kwa miguu."

Tulijaribu kuisukuma. Watu zaidi ya ishirini, na mzee Mulenga mwenyewe akivuta kamba. Fuso ilikuwa imejaa simenti ambayo Deo alikuwa hajashusha, na magurudumu yakazama kwenye mchanga mpaka katikati. Tukashusha mifuko, bado haikutoka, usukani ulikuwa umefungwa. Walimtuma mtu kisiwani, akarudi bila kumwona, akisema ameambiwa Deo amekwama kisiwa cha mbele, mashine ya mtumbwi wake imeharibika na fundi hajulikani aliko. Siku ya pili barafu ilikuwa maji. Siku ya tatu Deo alirudi, amenyolewa vizuri, amevaa shati jipya, akauliza kwa nini watu wengi wamesimama kuzunguka gari lake.

Samaki wa mafriji saba tuliwatupa. Waliobaki hawakuweza tena kusafiri wabichi. Mama Kavira hakupiga kelele wakati wa kutupa. Alikaa juu ya friji tupu akishika samaki mmoja kwa mkia, akaniambia polepole, "Hii ilikufa mara moja mu ziwa. Weye njo umeiua mara ya pili."

Nilikata matete, nikajenga vichanja, tukapasua samaki na kuwakausha kwa moshi siku nane. Nilifanya hivyo asubuhi kabla ya malori na jioni baada ya malori. Siku ya tatu Mama Kavira aliniuliza, macho yake yakiwa kwenye kisu, "Weye unajua hii kazi. Mbona ulimupa ile nafasi?"

Nilimwambia ukweli. "Alikuwa ameniletea salamu ya mama yangu."

Aliendelea kupasua. Baadaye akasema, "Salamu ya mama. Kumbe njo ilikula samaki yangu." Akacheka kidogo, lakini akajipangusa macho kwa nyuma ya mkono, na sikujua kama ni moshi.

Jumapili baada ya misa komite ilikaa mbele ya kanisa. Mzee Mulenga alikuwa tayari kunifukuza, na wengine walikwisha kutaja jina la mtu wa kunirithi, mtu mwema ambaye hajawahi kupanga hata baiskeli. Mama Kavira ndiye aliyesimama.

"Mukimufukuza, nani ataniondosha hapa wakati ya mvua?" akasema. "Abakie. Lakini asiende mahali mpaka lori ya mwisho itoke. Anipe neno yake hapa mbele ya kanisa."

Watu wote walinigeukia. Nilijua siku yako, Mama. Nilikuwa nayo kichwani kama msumari. Nilisema ndiyo.

Hakuna aliyenilazimisha, sitaki Mwadi akwambie kwamba walinifunga. Ningeweza kupanda na Deo leo hii. Lakini mvua imeanza. Mwisho wa mwezi huu kila mchuuzi atataka kutoka siku moja kabla barabara haijawa tope, na kwenda kwenu na kurudi kwa barabara hii ni majuma mawili kama gari halikwami. Nikiwa sipo, wataingia kama walivyoingia mwaka jana. Nimekwisha kuona samaki wa mtu mmoja wakioza kwa sababu ya hamu yangu ya nyumbani. Siwezi kuwaozesha wa wote.

Kwa hiyo ninaomba kitu kigumu, na ninakuomba mimi, mtoto wako mkubwa. Usiningojee. Siku hiyo Kasongo asimame mahali pangu, akutoe kile kitambaa kichwani. Najua tulivyozoea katika ukoo wetu, na najua watu wa Kamina watanung'unika. Waambie Ngoy mwenyewe ameandika kwamba mkono wa Kasongo ni mkono wake. Mwaka na nusu umevaa nyeusi kwenye jua la Katuba. Kila nikikufikiria umeivaa kwa sababu yangu, siyo tena kwa sababu ya Baba, nasukuma sahani pembeni. Ningependa kuwa mimi. Usidhani sipendi. Siku hiyo nitakuwa juu karibu na shule nimeinua mkono mbele ya lori la mtu, na sitajua kama mmekwisha au bado.

Ndani ya bahasha, imefungwa kwenye tambara, mtaikuta filimbi ya Baba. Kasongo aipulize mara mbili, ndefu, kama Baba alivyofanya behewa la mwisho likishatoka na njia iko wazi. Ndipo akutoe kitambaa. Mimi hapa nitapiga mluzi kwa vidole. Nimejaribu tangu juzi, mashofa wananicheka, lakini wanasimama.

Barua hii anaileta Deo. Msimgombeze. Alinisaidia kuipandisha tena ile simenti, na safari hii alipofika alinikabidhi ufunguo kabla hajanisalimia.

Nisalimie Kasongo, mdogo wangu, na umwambie asinywe siku hiyo mpaka kazi iishe. Nisalimie mjomba Banza, kaka yako, na shangazi Agnesi, dada yake Baba, ambaye ndiye atakayenung'unika kuliko wote. Mwambie namwomba radhi yeye wa kwanza. Jeani, mke wangu, nimemwandikia karatasi yake. Imo humohumo ndani, imekunjwa mara nne. Mwadi, usiikunjue.

Ziwa litafungwa mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili. Mimi niliingia hapa kabla ya lori la kwanza la msimu, kwa hiyo kwa hesabu ya Baba natoka mwisho. Mnitazamie kabla ya Noeli, juu ya mizigo ya lori la mwisho. Nikifika uwanjani nataka nikuone umevaa kile kitenge chako cha manjano. Nikikukuta bado na nyeusi, nitajua barua hii haikusomwa yote, na nitamuuliza Mwadi.

Mimi mtoto wako,
Ngoy