Kilo Mbili za Maji

Jumatatu, 3 Machi
Uji saa moja. Vidonge viwili saa mbili. Juisi ya ukwaju saa nne, haikushuka yote. Mchana mlenda na ugali kiasi cha ngumi ya mtoto. Anayepika ni Dada Minza, mkubwa wangu. Alikuja kutoka kijijini kwake wiki ile Rebeka, mke wangu, alipoambiwa ana saratani ya ini. Dada amekataza nyama, mayai, maharage na maziwa. Anasema ini linaloumwa halibebeshwi mzigo. Namwamini. Ndiye aliyenilea.

Jioni tumempeleka Rebeka zahanati ya hapa Masumbwe kupima uzito. Kaongezeka kilo mbili. Nimefurahi sana. Nimemtumia meseji Kulwa, binti yetu aliyeolewa Kahama.

Ijumaa, 7 Machi
Mwanza, kliniki.

Daktari hakufurahi. Alimkalisha Rebeka kwenye kiti, mikono kifuani, akamwambia asimame mara tano bila kushika chochote. Alisimama mara moja. Ya pili alirudi kitini kwa kishindo. Huyu ndiye mwanamke aliyekuwa akibeba gunia la mpunga kutoka bondeni, nikitaka kumpokea ananifukuza.

Daktari akambonyeza paja, akapapasa bega. Akasema zile kilo ni maji yaliyojaa tumboni. Nyama za mwili zinaondoka na maji yanaficha. Mizani haijui tofauti.

Akauliza anakula nini. Nikamsomea yote kutoka kwenye daftari. Kule Rwamgasa mimi ni karani wa duara, shimo la dhahabu. Naandika nani kashuka na nani kapanda. Nimezoea kuandika. Nilisoma kwa majivuno. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Baba Kulwa," akasema, "mwili wa mama umekosa chakula. Unajila wenyewe."

Alisema pia kwamba ugonjwa wenyewe unakula nyama, kwa hiyo si kosa letu lote. Neno "lote" nimelisikia.

Vidonge vimesimamishwa mwezi mmoja. Akipata nguvu ataendelea. Asipopata, hakusema.

Nimemshindisha mke wangu njaa miezi miwili. Naandika tena ili nisikwepe. Nimemshindisha njaa.

Jumapili, 9 Machi
Afisa lishe alituandikia karatasi. Kula kidogo kidogo, mara sita, mara ya mwisho kabla ya kulala. Mayai, dagaa, maharage, maziwa, karanga. Chumvi kidogo sana. Atembee. Akae na kusimama kila siku.

Nimemsomea dada. Alikuwa anachambua mchele, mikono ikasimama.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayemmaliza."

Nilipaswa kusema sisi sote. Sikusema.

Jumatano, 12 Machi
Yai moja na nusu. Dagaa nusu bakuli. Kusimama mara mbili. Jana pia mara mbili.

Rebeka anasema kila kitu kina ladha ya chuma. Namsimamia mpaka ameze. Leo alinitazama vile wachimbaji wanavyonitazama nikiwazuia kushuka. Sijali. Nataka ale.

Jumatatu, 17 Machi
Nilikuwa Rwamgasa siku tatu. Duara limejaa maji ya mvua, wakaniita. Nimerudi leo mchana.

Rebeka kaanguka jana akienda chooni. Hakuvunjika, goti tu limevimba. Anasema mguu ulimgomea, kama si wa kwake. Nilimshika mkono juu ya kiwiko kumgeuza kitandani. Vidole vyangu vilikutana.

Halafu nikaenda kuchukua mkaa. Nyuma ya jiko, kwenye rundo la majivu, mayai ya kuchemsha. Manne. Yamefukiwa.

Anayepika ni mmoja tu hapa nyumbani.

Jumanne, 18 Machi
Nimemfukuza dada.

Sikupaza sauti. Nilimwambia mlangoni pa chumba cha mgonjwa, "Dada, rudi kwako. Nitapika mwenyewe." Hakujitetea. Alikunja kanga zake mbili, akamuaga Rebeka, akatoka. Nilimsikia akimsalimia jirani njiani kwa sauti ya kawaida.

Nina haki. Moyo mzito hata hivyo. Rebeka kageukia ukutani tangu asubuhi.

Ijumaa, 21 Machi
Maharage yangu hayaivi. Siku ya tatu sasa.

Saa tisa Rebeka aliniita. Nilimkuta na daftari hili mapajani. Kalisoma lote.

"Mayai nilifukia mimi," akasema. "Nilijikokota mpaka jikoni wifi akiwa kisimani. Alinikuta nikirudi. Nikamwapisha asikwambie."

Nilikaa chini.

"Kwa nini, Rebeka?"

"Tumbo limejaa maji. Tonge la pili halina pa kwenda. Na wewe umekaa hapo na kalamu. Nimemeza, unaandika. Nimeshindwa kusimama, unaandika. Unaniandika kama watu wa duara."

Nilidhani kuandika ni kumtunza.

Baadaye nikamuuliza kama kuna chakula chochote anachokitamani. Matobolwa, akasema. Viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na karanga za kutwanga. Lakini si ya kwangu. Ya Minza.

Nimemwonea dada yangu.

Jumamosi, 22 Machi
Nimekwenda kwake na bodaboda asubuhi. Alikuwa shambani anang'oa karanga. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba bila kuinua kichwa.

Nikachuchumaa mbele yake. "Ameniambia. Nimekukosea, dada."

Aling'oa shina moja, na lingine.

"Ulinitoa mbele ya mgonjwa," akasema.

"Ndiyo."

"Hilo ndilo liliniuma. Siyo mayai."

Nikaanza kung'oa mstari wa pembeni yake. Tulimaliza mistari miwili. Jua likawa kali. Akakung'uta udongo mikononi, akaingia ndani, nikamsikia akifungua sanduku. Alitoka na mzigo wake begani.

"Chumvi walisema kiasi gani?" akauliza.

Alhamisi, 3 Aprili
Siandiki tena mbele yake.

Wanakula wawili kwenye sahani moja, barazani. Dada hamwambii ale. Anakula yeye, anapiga soga za watu wa kijijini, na Rebeka anafuata. Siku nyingine hafuati. Jumanne alitapika kila kitu, akalia, dada akamfuta, baada ya saa moja wakaanza upya na maziwa vijiko vitatu.

Asubuhi wanatembea mpaka kwa fundi cherehani na kurudi. Jana walifika dukani. Walipumzika mara tatu. Nahesabu kimoyomoyo. Kuacha kabisa sijaweza.

Ijumaa, 11 Aprili
Mwanza tena. Wote watatu.

Kwanza walimtoa maji kwa sindano. Karibu ndoo nzima. Tumbo liliposhuka nikamwona alivyo. Mbavu. Mifupa ya nyonga. Mabega kama ya msichana wa darasa la nne. Nilitazama dirishani mpaka nesi alipomfunika.

Kisha kiti. Alisimama mara nne. Ya tano alishika ukingo. Daktari akasema inatosha kuanza. Vidonge vimerudi, nusu ya vile vya mwanzo, na atamwangalia kila wiki mbili.

Nilimfuata kwenye korido. Nikamuuliza kama nyama zitarudi zote.

"Hapana, mzee wangu. Tunapigania zisiondoke haraka."

"Na saratani?"

"Vivyo hivyo."

Nilimshukuru. Sijui nilimshukuru kwa nini. Niliporudi kwenye benchi dada alinisoma usoni, akaanza kumfunga Rebeka kilemba upya, polepole, ingawa hakikuwa kimelegea. Rebeka hakuuliza. Aliomba ndizi.

Jumapili, 13 Aprili
Jumapili ya Matawi. Dada kaenda kanisani. Mvua ndogo tangu asubuhi, kisha ikaacha.

Rebeka alikaa mkekani, nikamkata kucha. Alinipa mkono wa kushoto kwanza. Akaniuliza mvua za Novemba tutapanda nini kule bondeni. Nikasema karanga. Akasema karanga tunalishia panya, tupande choroko. Nikasema choroko bei haieleweki. Akasema sijui kilimo, miaka yote najua mashimo tu, na hilo ni kweli. Tulibishana muda mrefu. Alitaja nani aitwe kulima, mbegu zitoke kwa nani, mistari iachane hatua ngapi. Sauti yake haikutetemeka hata mara moja. Sikumwambia ninachofikiri kuhusu Novemba. Naye hakuniambia anachofikiri.

Nilimaliza mkono wa kulia, nikakung'uta vipande vya kucha kwenye kanga yake.

Nikasema, basi, choroko.