Absalom Wabwire, Stesheni Masta Aliyetembea Mbele ya Treni

Mwaka umezunguka, Baba, tangu asubuhi ile ya Mei 1994 ulipotuacha. Tulikulaza Port Victoria, kando ya mama yako, kama ulivyoomba. Tumejifunza kuishi bila wewe, lakini kunyamaza juu yako hatujajifunza, wala hatuna nia.

Ulianza kazi gatini Kisumu, ukipokea magunia ya sukari ya Muhoroni na kutazama mabehewa ya mizigo yakisukumwa mpaka ndani ya meli, yavushwe kwenda Jinja na Mwanza. Ukapanda cheo pole pole mpaka ukawa stesheni masta wa Kisumu. Wageni walipolalamika kwamba stesheni yako imezeeka, uliwaambia, "Huu mji ni mtoto wa hii reli. Mpeni mama heshima."

Asubuhi ulikunywa chai ukiwa umesimama, sikio moja likiwa Kibos, stesheni ya mwisho kabla ya Kisumu. Honi ya treni ya Nairobi ikisikika, kikombe kilibaki mezani kilivyo. Mama alizoea kukumiminia nusu tu. Akina mama wa treni ya Butere, wenye ndizi na kuku wao, uliwapokea kwa lugha ya kwao, na karani aliyewafokea alikutana na wewe ofisini. Mzee aliyeachwa na treni ulimfungulia chumba cha kungojea cha daraja la kwanza. Ukiulizwa ana tiketi gani, ulijibu, "Ana usingizi."

Lakini watu wengi wanakukumbuka kwa masika ya 1988, na sisi pia.

Mvua ilikuwa imejaza uwanda wa Kano. Barabara ilikatika, mashamba ya miwa yakawa ziwa. Treni ya Nairobi ilifika stesheni ya Miwani ikasimama, kwa sababu mbele yake, upande wa Kibos, maji yalikuwa yamepanda juu ya reli. Abiria walilala humo, wakaamka humo. Karani wa Miwani akakupigia simu: chakula kimeisha, kuna wanafunzi wengi, na kuna mama mmoja anayeitwa Dorca ambaye uchungu umeanza.

Ulimtafuta mhandisi wa njia. Naye alikuwa amekwama Nakuru. Akakwambia, "Wabwire, mimi siko hapo. Ukiona inapitika, ilete." Kisha simu ikafa.

Ulikuja nyumbani kuchukua koti la mvua. Mama akasimama mlangoni.

"Baba Rosa, wewe ni mtu wa ofisi. Genge la reli lipo. Watume."

"Beldina, mimi ndiye nitakayesema treni ipite. Nitaisemeaje njia ambayo sijaikanyaga?"

Mama alikufungia viazi kwenye kitambaa, akakupisha.

Ulikwenda na nyapara Ochieng na watu wake, mkisukuma kiberenge chenye mitaimbo na sururu. Mlipofika kwenye maji mkakiacha, mkaanza kutembea, mkipapasa kila taruma, ule ubao unaobeba reli, kwa mguu na kila kokoto kwa mtaimbo. Karibu na kalvati moja la kupitisha maji chini ya reli, mtaimbo wa Ochieng ulizama wote. Maji yalikuwa yamekula mawe chini ya reli, mataruma yakabaki yananing'inia.

"Jaduong'," Ochieng akasema, akikuita mzee kwa Kijaluo, "hapa treni itaanguka."

"Basi hatutoki hapa mpaka isianguke."

Ukavuka peke yako mpaka Miwani, ukapanda kwenye behewa moja baada ya jingine, ukawaambia abiria ukweli: shimo lipo, mawe yapo, mikono haitoshi. Wanaume wakashuka, wengine wakiwa na suruali za suti zilizokunjwa mpaka magotini. Wanafunzi nao wakashuka. Walipanga mstari kwenye tuta karibu na shimo, mawe yakapita mkono kwa mkono, genge likashindilia mpaka Ochieng akasimama juu ya lile taruma akaruka, nalo halikutikisika.

Dereva Waliaula bado alikuwa na hofu, na hatumlaumu.

"Mzee, mimi sioni reli. Naona maji tu. Hii injini ikizama, tunazama na watu wote."

"Nitatembea mbele yako na bendera. Nikisimama, simama."

"Na ukianguka?"

"Utakuwa umejua pa kusimama."

Ndivyo ilivyokuwa, Baba. Ulitembea ndani ya maji, bendera ya kijani juu, injini ikikufuata mwendo wa ng'ombe mzee. Pale kwenye kalvati ulisimama katikati ya reli, juu ya yale mawe mapya, ukamwita Waliaula kwa mkono. Ulirudi nyuma hatua kwa hatua ukiitazama injini usoni, mpaka behewa la mwisho likavuka. Mahali fulani msumari wa reli ulipenya kiatu chako mpaka mguuni, nawe ukaendelea kutembea mpaka Kibos.

Jua lilikuwa bado juu treni ilipoingia Kisumu. Dorca alibebwa kwa benchi la stesheni hadi kwenye gari, akajifungua hospitalini msichana. Wewe ukaketi ofisini, Mama akikuosha mguu.

"Ningeweza kukuzuia," Mama akasema.

"Ungeweza," ukamjibu. "Asante hukunizuia."

Tangu siku hiyo ulichechemea. Wakubwa walipokuja kukusifu, uliwaonyesha miguu ya watu wa Ochieng, iliyokuwa imechanjwa na mawe, ukaomba genge lipewe buti. Waliahidi. Ukawakumbusha. Wakakuzungusha. Ukawakumbusha tena kwa kila simu, hata waliyopiga kuuliza habari za mizigo, mpaka buti zikaja na treni, na ukazigawa mwenyewe pale plati, kwenye jukwaa la stesheni.

Kifua kilipokulemea ukarudi nyumbani Port Victoria, Ochieng alikuja kukuona. Alipokuwa akiondoka ulimuuliza hali ya njia ya Butere, naye akakaa tena akakueleza daraja kwa daraja.

Baba, una haki ya kujua yaliyotokea baada yako. Mwezi wa kwanza mwaka huu Rosa wako alisema anaomba kazi ya reli. Ndugu yako Wakhisi akaja na uchungu wa mtu anayetupenda.

"Mtoto, mabehewa yanapungua kila mwaka. Mizigo yote imehamia kwenye malori. Reli inakufa."

"Najua, Baba Mdogo," Rosa akamwambia. "Mgonjwa hakimbiwi."

Wakhisi akamuuliza Mama kama kuna pasi, kwa maana shati la msichana la kwenda kwenye mahojiano lilikuwa na makunyanzi. Akalipiga pasi yeye mwenyewe. Leo Rosa yuko kwenye dirisha la tiketi la Kisumu, na akina mama wa Butere wanamwita binti yetu.

Wanaokukumbuka ni mkeo Beldina. Wanao Rosa, Perez na Walter. Ndugu yako Wakhisi. Wakwe zako wa Pap Onditi. Na Ochieng na wenzake wa genge, waliosema wasipotajwa humu watakuja kutuuliza.

Pumzika, Baba. Siku zetu zote utakuwa kinywani mwetu, na kazi inaendelea.