Wekundu wa Tope la Sanje

Jumanne, 3 Septemba 2024

Chupa zote nne zimekuwa nyekundu. Bakteria niliowatoa kwenye tope la mpunga kule Sanje wametoa rangi bila kugoma — mradi joto lisizidi nyuzi ishirini na nane. Wakipata thelathini na saba hubaki weupe. Evod, fundi wa maabara, amechungulia akaniuliza nimemchinja nani humu.

Spiriti inawaua na kuitoa rangi yao. Nimeandika “salama”, kisha nikaifuta. Hakuna bakteria walioota kwenye sahani mbili nilizopaka rangi hiyo. Sahani mbili si ushahidi.

Ijumaa, 6 Septemba

Bernadetha, mwenye nyumba wangu, amebisha hodi na mzigo wa ukindu kichwani. Binti yake, Ritha, anaolewa tarehe 12 Oktoba. Kwa ukoo wao mama husuka mkeka mwekundu kwa mikono yake mwenyewe, na mama wa bwana harusi huukalia uani mchana kutwa mbele ya watu. Wa kununua hauhesabiki. Lakini rangi ya duka imemla viganja hadi vikapasuka. Daktari amemkataza kuigusa.

Mwezi wa pili nilimwambia kwamba natafuta rangi isiyokula mikono. Nilikuwa najisifu tu. Yeye alisikia ahadi.

Nimeomba kishada kimoja cha majaribio. Akaniuliza kama Ritha naye ataolewa kwa majaribio. Ameacha mzigo wote — ukindu wa msimu mzima.

Jumamosi, 7 Septemba

Asubuhi tulichovya, yeye akiwa amevaa glavu zangu. Ukindu ulitoka mwekundu hasa. Nikaenda maabara. Niliporudi, mzigo wote ulikuwa wa manjano!

Alikuwa ameusuuza kwa maji ya majivu, kama alivyofundishwa na mama yake, ili rangi ishike. Hakulia. Alikaa kibarazani, mikono mapajani, akisema ameniharibia kazi. Majivu ni kinyume cha asidi, na rangi hii hugeuka ikikutana nayo. Hilo nalijua tangu chuoni. Sikumwonya kwa sababu sikumuuliza yeye hufanyaje. Kosa ni langu.

Tulikamua ndimu kumi na tano ndani ya beseni. Wekundu ukarudi mbele ya macho yetu. Bernadetha alicheka mpaka akashika ukuta, akasema kumbe chuo kikuu nacho kina waganga.

Nimefurahi kupita kiasi kinachomfaa mtafiti.

Alhamisi, 19 Septemba

Anasuka chumbani, ukindu ukiwa ndani ya kitambaa chenye unyevu ili usikakamae. Viganja vinaanza kupona. Je, ni rangi yangu, au ni kwa kuwa ameacha ya duka? Sina njia ya kutenganisha.

Jumatatu, 30 Septemba

Ijumaa nilibandika kipande cha ukindu kwenye dirisha la maabara, upande wa jua. Leo kina rangi ya ukucha.

Vipande vyangu vya awali vina miezi mitano na bado ni vyekundu. Vimekaa ndani ya droo. Yaani nilipima uimara wa rangi gizani, nikauamini.

Hata hivyo ni kipande kimoja. Huenda kilichovywa vibaya. Nitarudia kwa vitatu kabla ya kusema lolote.

Jumamosi, 5 Oktoba

Vitatu vyote vimepauka. Viwili kwa siku moja.

Nimejaribu ndimu. Haikusaidia. Majivu huigeuza rangi. Jua huivunja, na kilichovunjika hakirudi. Evod ameviangalia muda mrefu. Hakutania. Alipendekeza tufunge turubai uani. Tayari nilikuwa nimepima vingine viwili chini ya turubai. Vilichelewa kidogo tu.

Nimeanza kuishuku tahadhari yangu. Kurudia jaribio kulikuwa sahihi kisayansi. Pia kulinipa siku tano za kunyamaza. Jumatatu Bernadetha angeweza kutafuta ukindu mwingine na dada wa kumsaidia. Sasa hakuna muda wa kusuka hata nusu.

Kesho nitamwambia.

Jumapili, 6 Oktoba

Sikumwambia. Alikuwa anaimba.

Alhamisi, 10 Oktoba

Shangazi wawili wa Ritha wamefika kutoka Malinyi. Nimewaamkia, mkubwa, Yosefina, akanishika mkono hakuuachia. Bernadetha ameuleta mkeka ukiwa umekunjwa. Umekwisha. Sijawahi kuona kazi yangu ikipendeza hivyo, wala sitaona tena. Akawaonyesha viganja, vizima, akasema, “Huyu ndiye aliyenirudishia mikono.”

Yosefina akatania kwamba mkwe atakayeukalia asipoinuka wasije wakamlaumu mtu. Kisha akasema mkeka unanuka spiriti, uanikwe leo na kesho.

“Mama, msiuanike,” nikasema.

Bernadetha akaniuliza kwa nini. Nikasema jua litaichukua rangi. Yosefina akasema basi utaanikwa kidogo. Nikasema hata kidogo. Shangazi wa pili akauliza, kwa sauti ya chini, sasa Jumamosi utakaliwa gizani?

Bernadetha hakuwa ananitazama tena. Alikuwa anautazama mkeka. “Umelijua hilo lini, mwanangu?”

Nikasema naingia ndani kuleta vipande vilivyopauka, aone mwenyewe. Ni kweli vipo, ndani ya bahasha, mezani. Nimekaa mbele ya bahasha hiyo. Naandika haya badala ya kuichukua.

Ningeweza kumjibu kwamba nimelijua jana tu. Ningeweza kusema kwamba sina hakika — maneno hayo nayajua vizuri, na kwa kiasi fulani yangekuwa kweli.

Huko uani nasikia mkeka unakunjuliwa, taratibu, na sauti ya Bernadetha ikiwaambia wausogeze pale penye mwanga, kwamba heri aone leo kuliko Jumamosi mbele ya watu.