Bi Enidi Hakupanda Treni

Mpendwa dada Mwanjaa,

Nisamehe nikianza bila kukujulia hali. Nikianza na salamu nitajificha humo humo, unanijua. Neno lenyewe ni hili, na hajalisikia mtu mwingine: Bi Enidi hakupanda treni. Barua ya mwisho kutoka Uingereza haikusema kwamba alipanda. Safari ile niliitunga mimi, nimesimama mbele yako, wewe na ungo wa kunde mapajani.

Nilipomaliza darasa la nane ulituma niitwe kutoka kwa mama, Kwaluguru, nije kukaa nawe hapa Korogwe kwenye kambi ya mkonge. Shemeji Salehe, kwa unyapara wake, alikuwa amesikia kwamba mke wa meneja anatafuta msichana wa kumzoeza Kiswahili. Nikawa nakwenda kwa memsabu kila asubuhi. Mimi nilimsahihisha Kiswahili chake, yeye akanisahihisha Kiingereza changu, na kitabu chetu kilikuwa barua za dada yake. Dada huyo alikuwa amenunua televisheni huko kwao. Kwa kuwa memsabu asingeweza kuipata huku, dada yake alimwandikia kila wiki yale aliyoyaona. Ulikuwa mchezo mpya wa kuchekesha, ndiyo kwanza umeanza, na sehemu zake zilikuwa sita tu.

Siku ya kwanza nilipokusimulia ulikuwa unamwogesha mwanao Rukia uani.

"Televisheni ndiyo nini?" ukauliza.

Nikakwambia ni sanduku lenye kioo, watu wanaonekana mle wakitembea na kusema.

"Kama lile gari la sinema la serikali?"

"Ndiyo, ila hili linakaa sebuleni, na halifundishi kuua mbu."

"Basi hilo nalitaka mimi!"

Mchezo wenyewe ulikuwa wa mtu na mkewe. Bi Enidi alitaka kwenda kumwona rafiki yake katika mji mmoja wa pwani, siku mbili tu, arudi. Kila wiki alifunga mizigo, na kila wiki ilifunguliwa. Mumewe hakuwa mbaya. Hakumpiga wala hakumtukana. Alitafuta kofia yake, na bila kofia asingeweza kumsindikiza mkewe, na bila kusindikizwa mke asingeweza kwenda. Wiki ya pili kofia ilionekana, lakini mama mkwe alikuwa ameikalia na hataki kuinuka. Wiki ya tatu wakaja wageni. Wewe ndiye uliyempa mume yule jina la Bwana Kofia.

"Kumbe hata Wazungu wana mama wakwe," ulisema, ukifuta machozi kwa pindo la kanga. "Na shemeji yako je? Wamemweka kwenye kioo bila kumwambia!"

Tulicheka hadi jirani akagonga ukuta. Nilikaa nawe miezi minane, na kila mwezi ulimwomba shemeji ruhusa ya kwenda Kwaluguru kumwona mama. "Wiki ijayo, mke wangu," alijibu kwa upole wake ule. Mara mvua imeharibu barabara, mara Rukia anaota meno, mara kuna ukaguzi na nyapara hawezi kuacha nyumba bila mtu. Ulikuwa na miaka mitatu hujamwona mama, na njia ni ya basi la siku moja.

Nataka nikwambie pia kwamba saa zile za uani ndizo zilikuwa saa zangu. Shuleni mwalimu aliniita bubu. Kwa memsabu nilisema nikiangalia zulia. Mbele yako nilisimama nikatembea kama mama mkwe, nikakoroma kama Bwana Kofia, na ukaniambia, "Zaina, we mtoto ulikuwa umeficha wapi mdomo huo?" Ndiyo sababu nilikuwa nakimbia kurudi nyumbani. Nilitaka unisikilize.

Barua ya sita ilipofika, memsabu alinipa niisome mwenyewe mpaka mwisho. Bi Enidi alifika stesheni. Tiketi ilikuwa mkononi na treni imesimama. Mara akatokea Bwana Kofia anahema, amevaa kofia kinyume, amemletea mkate aliousahau jikoni. Bi Enidi akamtazama. Akachukua mizigo yake, akamshika mkono, wakarudi nyumbani kunywa chai. Dada wa memsabu aliandika kwamba alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Memsabu naye akacheka. Mimi nikamuuliza, kwa nini hakwenda, na treni ilikuwa pale pale? Akanijibu kwa Kiswahili chake kile cha kutafuta maneno: "Zaina, yeye akienda, mchezo iko kwisha. Mwaka kesho wanataka kucheza tena."

Nilirudi nyumbani nimelibeba jibu hilo kama jiwe. Na wewe asubuhi ile ulikuwa umeambiwa tena, wiki ijayo. Hukunipa hata nafasi ya kukaa.

"Enhe! Amekwenda?"

Nikasema, "Amekwenda."

Mikono yako ikasimama juu ya kunde. "Amepanda?"

"Amepanda. Bwana Kofia alipofika, yeye alikuwa ameshakaa dirishani."

Nilidhani utapiga vigelegele. Ukauliza, taratibu, "Na mtoto?"

Dada, Bi Enidi hakuwa na mtoto. Katika barua zote sita hakutajwa mtoto. Lakini uliuliza, na mimi ilinibidi nijibu upesi ili uongo wangu usimame.

"Alibaki na mdogo wake."

"Mdogo wake alikubali?"

"Alikubali."

Ukaniangalia, ukaendelea kuchambua kunde. Wiki iliyofuata, shemeji akiwa kazini, ulimweka Rukia mapajani mwangu, ukasema unakwenda stesheni mara moja. Pale mlangoni ukageuka. "Ahsante, Zaina." Mtu hashukuriwi kwa sauti ile kwa kushika mtoto nusu saa. Nilijua. Ningeweza kukuita. Sikukuita.

Sasa mwezi wa tano unakwisha tangu uondoke, na Kwaluguru hukufika. Rukia ameacha kulia alasiri na ananifuata hata kisimani. Memsabu aliniandikia barua ya kuombea nafasi ya kusomea unesi, na nafasi imepatikana, wananingoja baada ya Idi. Baba mdogo alikuja kutoka Handeni, wakakaa na shemeji kwenye mkeka, kisha nikaitwa. Shemeji akupe talaka, walisema, na mimi nibaki hapa hapa mahali pako, mtoto asilelewe na mgeni. Baba mdogo akasema, "Nyumba umeshaizoea, mwanangu." Niliinamisha kichwa, na wao wakachukua kuinamisha kichwa kuwa ndiyo. Ndivyo wanavyochukua kwa wasichana wote, na mimi sikuwa na sauti ya kuwasahihisha.

Shemeji hajanifanyia ubaya wowote. Jumatano iliyopita nilifunga nguo za Rukia, nikamwomba ruhusa nimpeleke Kwaluguru akamwone bibi yake. Akanitazama kwa huruma kabisa. "Wiki ijayo, Zaina." Nilikwenda jikoni nikacheka, nikaogopa, kwa sababu kicheko kilikuwa chako.

Siku nyingine nina hasira nawe. Nasema, lile lilikuwa neno la kwenye hadithi, nani alikwambia ni ahadi? Siku nyingine najiuliza kwa nini, kati ya watu wote, nilimtaja mdogo wake. Ningeweza kusema bibi yake, au jirani. Sijui, dada. Huenda nilikubali kweli kabla sijajua nimekubali nini.

Barua hii nimeiandika mara tatu. Mbili nilizichoma, kwa sababu ndani yake nilikuomba urudi. Sikuombi urudi. Naomba barua moja tu. Mwandikie mama kwa jina lako kwamba unataka Rukia alelewe kwake Kwaluguru, na kwamba mimi ndiye nimlete. Baba mdogo na shemeji hawawezi kumzuilia mama mjukuu wake ikiwa neno limetoka kwako uliyemzaa. Nikishamfikisha nitakwenda kwenye unesi wangu moja kwa moja bila kupitia hapa. Barua hiyo ipitishe kwa Mama Salome, yule wa vitumbua pale stesheni, aliyeniletea anwani yako ya Tanga. Iandike kabla ya Idi.

Lakini humo ndani usiandike habari za Bi Enidi. Mama anasema mpaka leo kwamba anamtafuta aliyekutia safari kichwani. Akijua ni mimi, hatakubali nimbebe mtoto hata kwa hatua kumi, na bila mtoto mkononi sina sababu ya kutoka nyumba hii. Basi tafadhali, dada, wasijue. Tujue wewe na mimi tu.

Mdogo wako,
Zaina