Nunua Hiyo ya Taa Mbili

Nekesa mjukuu wangu,

Hapa Njiru tu wazima, na shangazi yako amejifungua msichana. Umeuliza kama ununue sola ndogo ya taa mbili huko Turkana unakofundisha, au ungoje uweze ile kubwa.

Tulipohamia hapa tukiwa vijana, stima ilikuwa haijafika. Babu yako alikataa katakata tusinunue taa ya chemni, akaleta televisheni.

"Stima inakuja wiki ijayo," akasema.

Miaka minne tulikula kwa mshumaa mbele ya televisheni iliyofunikwa kitambaa. Mwishowe nikanunua taa bila kumuuliza. Nilipoiwasha, akatazama sahani yake, kisha yangu.

"Kumbe huwa unajipakulia nyama kubwa!"

Nunua hiyo ndogo, mama. Ila kwanza gawa nyama sawasawa.

Nyanya yako anayekukumbuka