Neno Nililolisema kwa Jina Lako

Kaka yangu Damiani,

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Ulipotutoka nilijua kuandika jina tu, tena kwa kuminya penseli mpaka ncha inavunjika. Leo nina cheti cha kisomo cha watu wazima, nimekibandika ukutani hapa Magomeni ya Mtwara, na mgeni asipokitazama namwonyesha.

Habari kubwa ni ya binti yangu Fidea, mpwa wako. Yuko chuo kikuu, Dar es Salaam. Anasoma sheria, na ndani ya sheria kachagua mambo ya wahalifu: kwa nini mtu anaiba, kwa nini anaua, akishafungwa anatoka mtu wa namna gani. Likizo hii alikwenda gerezani siku tatu kuongea na wafungwa, na bwana jela mwenyewe alimpa kiti. Mtaa mzima unajua. Asiyejua nimemwambia.

Lakini kaka, nina kosa kwako. Nilikusingizia.

Mwaka jana alipokuwa anajiandaa kwenda chuo, mdogo wetu Ladislausi, aliyebaki mjomba peke yake, alikataa kutoa neno. Binti wa ukoo wetu akasomee wezi, halafu aolewe na nani? Na unajua kwetu Wamakonde, baba aseme atakavyo, mtoto haondoki safari kubwa bila neno la mjomba. Basi nikawaambia ndugu wote waliokaa pale, wengi wao hawakukuuguza, kwamba uliniachia neno ile Ijumaa yako ya mwisho, kwamba mtoto asome anachokitaka. Wakakubali. Nani abishane na marehemu? Fidea hakuwapo kikaoni, aliambiwa tu kwamba neno la mjomba limepatikana; akaenda, mwaka mzima, kwa neno ambalo hukulisema. Wewe ulitaka asomee kilimo, ukanionyesha na mikorosho yako.

Sasa sikia alivyonikamata. Jumapili tunapepeta mchele, akaniuliza mjomba alisema maneno gani hasa. Nikamwambia. Baada ya kitambo akauliza, alikuwa amekaa au amelala? Nikasema amekaa. Tukapepeta. Akauliza, na sauti yake ilikuwaje? Mimi nami nikapamba, nikasema nzuri kabisa, ulikohoa kidogo tu. Kumbe ndivyo wanavyofundishwa huko, swali lile lile linarudi limevaa nguo nyingine. Akaweka ungo chini.

"Mama, kiharusi kilimfunga mdomo wiki mbili kabla ya Ijumaa ile. Mimi ndiye niliyekuwa namnywesha uji."

Jasho likanitoka, kaka, maana kwa kupamba nilikuwa nimekisahau kiharusi, na huku jasho linatoka, moyoni najivuna. Mtoto gani mwingine Mtwara hii angenibana hivyo?

Hakunifokea. Alisema tu kwamba hapandi meli kurudi chuoni mpaka apate neno la mjomba aliye hai, maana la kughushi halimfai. Zilibaki siku nne. Nikaona wazi, nisipokwenda kusema kweli, masomo ya mwanangu nimeyaua mimi kwa ulimi wangu.

Nikaenda Ufukoni kwa Ladislausi. Nilieleza nimesimama, maana ningekaa ningelia. Yeye miguu kwenye kanyagio la cherehani, anamalizia suruali ya mtu, hakuinua uso mpaka nilipomaliza.

"Dada, ile Ijumaa mimi ndiye niliyekaa naye. Wewe ulikuwa umekwenda kuteka maji."

Alijua tangu siku ile. Nikamuuliza mbona alinyamaza mwaka mzima. Akasema asingeweza kumwaibisha dada yake mbele ya ukoo, na isitoshe alikuwa akisubiri aone nitaubeba mzigo ule mpaka lini. Kisha akaanza utani wake, kwamba mhalifu wa kwanza wa Fidea ni mama yake mzazi, tena kakamatwa na ungo wa mchele mkononi. Nilicheka mpaka kile kilio nilichokizuia kikatoka.

Jioni alikuja nyumbani. Alimpaka Fidea unga wa baraka kwenye paji la uso, akasema neno lake mwenyewe, si lako: nenda mwanangu, soma hao wezi uwamalize. Jana meli imeondoka naye.

Pumzika, kaka yangu. Nilikutumia kwa sababu niliogopa kwamba neno langu mimi mwanamke halitatosha. Unisamehe. Nami nakuahidi, siku ukoo utakapokaa tena kumzungumzia mtoto huyu, sitakuamsha. Nitasimama niseme ni mimi, dada yako Paskalina, niliyetaka aende.